Bi Mkubwa wa Shamba la Ngano

Mara ya kwanza nilipomwona Mwalimu akiwa kazini, alikuwa amepiga magoti katika ukumbi wa chini wa jengo letu kule Thorncliffe Park, Toronto, anabandika sakafuni utepe wa samawati, ule wanaoutumia mafundi rangi. Nilidhani mzee amedondosha kitu. Nikamwamkia shikamoo na kumwendea moja kwa moja nimsaidie kuinuka. Badala ya marahaba nikapata ukelele.

"Mama Salma! Umepita ukutani!"

Nikatazama miguuni. Kweli nilikuwa nimekanyaga utepe. Akanirudisha hadi mlangoni, yaani kwenye pengo dogo upande wa pili, akanisubirisha pale mpaka nikabisha hodi. Ndipo akaitikia karibu, akaitikia na ile shikamoo yangu, kisha akanitembeza nyumba nzima: hapa sebule, hapa jiko, hapa chumba cha kuogea, na kule mwisho chumba chenye sakafu ya mapambo, hicho usikikanyage, zunguka. Mimi nimetoka kazini duka la dawa, miguu imevimba, nyama yangu iko kwenye mfuko inayeyuka barafu, na mtu ananizungusha kwenye nyumba ya Warumi wa kale isiyo na ukuta wala paa. Nilizunguka. Kwa Mwalimu mtu ulijikuta umeshazunguka kabla hujapata nafasi ya kukataa.

Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kufundisha Kiswahili. Watoto wetu nyumbani ukiwasemesha Kiswahili walikuelewa barabara, kisha wakakujibu Kiingereza. Wazazi tulijaribu kufoka, tukajaribu kubembeleza, tukajaribu kujifanya viziwi. Mwalimu, ambaye alikuwa amestaafu kusomesha historia, hakumfokea mtu. Kila Jumamosi asubuhi alibandika utepe wake, na sharti lilikuwa moja: ndani ya nyumba ni Kiswahili, nje ya nyumba sema utakalo. "Lugha haipigwi vita na lugha nyingine," alipenda kusema. "Ipe nyumba tu, watu wataingia."

Nao waliingia. Salma wangu, aliyekuwa ananijibu "I know, Mum" hata kwa jambo ambalo sijamwambia bado, nilimsikia kwa masikio yangu akipiga kelele kutoka kwenye lile jiko la utepe, "Subirini huko, samaki hajaiva! Na nani ameingia na viatu?" Hili la viatu halikutoka kwa Mwalimu. Yeye alijua vizuri kwamba Warumi walitembea na viatu ndani ya nyumba zao. Watoto wenyewe, kwa kuwa wamelelewa hivyo, walivua viatu vya theluji wakavirundika kwenye lile pengo bila kuambiwa. Mwalimu akawaachia. Alisema hawa Warumi wa Thorncliffe wamelelewa na mama zao.

Siku moja msimamizi wa jengo, Mreno mmoja mnene, mpole, akapita na ndoo yake ya magurudumu katikati ya chumba cha kulala. Watoto wote walimrukia kwa sauti: "Umepita ukutani!" Maskini hakujua amekosa nini. Salma akamshika mkono, akampeleka mlangoni, akamfundisha. Tangu hapo yule bwana alikuwa akifika kwenye pengo anavua kofia na kutamka "Hodi" kwa sauti nzito ya kanisani, na hapiti mpaka akaribishwe. Mwalimu alimpenda sana kwa hilo. Alimwita baba wa nyumba.

Lakini nyumba ya utepe ilikuwa kivuli tu. Yenyewe ilikuwa Uingereza, chini ya shamba la ngano.

Mwalimu akiwa kijana alikwenda huko kusomea ualimu. Likizo moja ya kiangazi, hana pa kwenda, akasikia kuna watu wanafukua magofu shambani na kwamba wasaidizi wanapewa chai na mkate. Alifuata mkate, hakuwahi kuficha. Huko akajifunza kwamba zamani sana, Warumi walipoitawala nchi ile, matajiri wa mashamba walijijengea majumba vijijini, yenye vyumba vinavyopashwa moto kwa chini na sakafu za vijiwe vidogo vya rangi vilivyopangwa kimoja kimoja hadi vikatoa picha. Majumba yakaanguka, mawe yakabebwa kwenda kujengea mabanda, udongo ukafunika misingi iliyobaki, watu wakapanda ngano juu. Mwalimu alipewa mwiko mdogo na kona ya chumba kimoja. Siku ya mwisho ya likizo mwiko ukagonga vijiwe. Akasafisha kwa brashi taratibu mpaka ukatokea mpindo mmoja mzuri, mwekundu, wenye ukingo mweusi na vijiwe vyeupe hapa na pale. Ulikuwa mkia. Mnyama mwenyewe alikuwa bado amefunikwa na udongo.

Mvua ikaanza, na mwenye shamba alishasema kesho yake analima. Wafukuaji wakafanya ilivyo desturi yao wanapomaliza: walimwaga mchanga juu ya sakafu, wakarudisha udongo, wakaifukia ili ihifadhike. Mwalimu alimfukia mnyama wake kwa koleo, kwa mikono yake mwenyewe.

Tangu siku hiyo aliishi na hamu moja, kumwona mnyama yule mzima kabla hajafa. Alikuwa mtu wa hamu nyingi ndogondogo, za maandazi, za mpira, za simu mpya kila inapotoka. Hii ya mnyama ilikuwa kubwa kuliko zote, na jengo zima tuliijua.

Aliyeijua kuliko sote ni mkewe, ambaye wote tulimwita Bibi. Siku ya kwanza nilipokwenda kwao kuazima mbuzi ya kukunia nazi, alinikaribisha, akanikalisha, akaniambia, "Mimi hapa ni bi mdogo, mwanangu. Bi mkubwa yuko Uingereza, amelala chini ya ngano. Huyu bwana alimwoa kabla yangu."

"Usimtie mgeni maneno," Mwalimu akasema kutoka chumbani.

"Kwenye fungate yetu alinichorea mkia! Wenzangu wanachorwa hina, mimi nachorewa mkia!"

Na hapo ndipo nilipoujua ubishi wao. Mwalimu alishikilia kwamba mkia ule ni wa pomboo. Chumba kilikuwa jirani na bafu, alisema, na Warumi walipenda kuweka viumbe wa baharini karibu na maji. Bibi, ambaye hajawahi kukanyaga Uingereza, alishikilia kwamba ni wa chui.

"Umeona wapi pomboo mwekundu?" Bibi aliuliza.

"Na wewe umeona wapi chui mwekundu?"

"Vile vijiwe vyeupe ulivyoniambia ndiyo madoa yake."

"Yale ni povu la bahari!"

Haya yalisikika hadi kwenye lifti. Ukipita koridoni unasikia kitunguu kinakaangwa na sauti ya Bibi ikisema chui, chui, chui. Watoto wa Jumamosi wakagawanyika, wa Pomboo na wa Chui, na walipocheza mpira nyuma ya jengo walicheza kwa timu hizo. Salma alikuwa wa Chui. Mimi nilikataa kuchagua, maana nilikuwa naazima mbuzi ya nazi kwa mmoja na kupewa ushauri wa bure na mwingine.

Mtu angedhani nyumba ya mzee wa namna hiyo imejaa vitu vya kale. Thubutu! Hakuwa na kitu kilichozidi miaka mitano, ukimtoa Bibi, naye Bibi ndiye aliyenipa utani huo niuandike. Makochi alibadilisha, pazia alibadilisha, sufuria ikipata doa inatupwa. Vya kale vikae ardhini, alisema, huko ndiko kwao. Kutoka kule shambani hakuchukua hata kijiwe kimoja, na alijivunia hilo mpaka mwisho.

"Ungetia mfukoni viwili vitatu," Bibi alimwambia, "pengine leo tungeona doa."

Alisomesha subira kwa watu wote, na mwenyewe hakuweza kusubiri lifti. Alibonyeza kitufe, akabonyeza tena, akashuka kwa ngazi akinung'unika, kisha sisi wenye subira tukamkuta chini anahema. Kipupwe kilipokuja na mabomba ya joto yakagoma, alishuka ofisini kuwaambia kwamba wale watu wa zamani walijenga nguzo fupi za matofali chini ya sakafu, wakapitisha moshi wa moto katikati yake, na wakalala miguu peku wakati wa theluji. Msichana wa ofisini alimsikiliza kwa adabu na kumwahidi fundi. Fundi alikuja kwetu kabla ya majengo mengine, kwa sababu hakuna aliyetaka kusikia habari za zile nguzo mara ya pili.

Na kuna jambo moja lililowatatiza watu. Mwalimu hakuwa mpenzi wa wakoloni. Alikua chini ya Waingereza na alikuwa na hadithi zake za viboko na mabango ya kuzuia watu. Sasa iweje apende nyumba ya mkoloni wa mkoloni? Siku moja tumekaa kunywa chai baada ya sala, kule kituo cha jumuiya cha barabara ya Bathurst, mzee mwenzake akamuuliza hivyo mbele za watu, tena kwa kumchokoza. Mwalimu akacheka hadi akatikisa kikombe.

"Yule mwenye nyumba hakuwa Mrumi," akasema. "Alikuwa mwenyeji, mtoto wa pale pale. Kawaona watawala wana sakafu za picha, naye akataka. Mbona namjua? Baba yangu mdogo alivaa tai na koti la sufu mwezi wa Februari pale Tanga, jasho linamtiririka, anakunywa chai kwa kijiko cha fedha. Mimi nikiona nyumba ile namwona baba mdogo."

Watu wakaangua kicheko. Alipoona wametulia akaongeza, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba hata huyo baba mdogo wa kale hamshughulishi sana. Anayemtaka ni yule aliyepiga magoti akapanga vile vijiwe. Alitaka kujua alimpanga nani.

Alikuwa na tabia ya kutembea anatazama chini. Kiangazi cha ukame, alitueleza, nyasi zilizoota juu ya ukuta uliofukiwa hukauka kabla ya nyingine, na ukisimama vizuri unaona nyumba nzima imejichora shambani kwa rangi ya njano. Basi mwaka mmoja jua likawaka sana, akatuita familia kadhaa bondeni mtoni, eti ameona ukuta. Tulikwenda na mkeka, sambusa, na chupa za chai. Kweli mstari ulikuwapo, wa njano, umenyooka. Mwalimu mbele, sisi nyuma, watoto wanaimba, tukaufuata mstari hadi ulipoishia kwenye bomba la kunywea maji. Lilikuwa bomba la manispaa. Mwalimu alicheka mpaka kofia ikamdondoka, na Bibi akatangaza kwamba Warumi wa Toronto walikuwa na maji safi na salama. Sambusa tulizila pale pale juu ya ugunduzi.

Nilimpenda mzee yule. Nalisema hapa maana mbele yake nilikuwa namtania tu, na nadhani hata yeye alijua.

Miaka ilikwenda. Salma alihama kutoka nyumba ya utepe akaingia sekondari, wengine wadogo wakachukua jiko lake. Kisha asubuhi moja ya Jumapili nikasikia mlango wa jirani unafunguliwa kwa kishindo, na Mwalimu yuko koridoni, kanzu ya kulalia mwilini, kandambili mguu mmoja, simu mkononi.

"Wanafukua!" anapiga kelele. "Mama Salma, amka, wanafukua!"

Mwanamke mmoja wa chuo kikuu huko Uingereza alikuwa amempigia. Ukame ulilipiga lile shamba, nyumba ikajichora kwenye ngano, nao wakaamua kulifungua tena kiangazi kinachofuata. Walikuwa wanatafuta mtu yeyote aliye hai aliyeshiriki mara ya kwanza, ili awaonyeshe chumba kile kilikuwa wapi. Jina la Mwalimu lilikuwa kwenye mchoro wa zamani. Akamwambia anakaribishwa.

Mwanawe alikuja mbio kutoka Vaughan, mji wa jirani. "Baba, daktari amesema moyo wako haupendi safari ndefu. Watakutumia picha. They'll do a video call, utaona kila kitu."

"Picha ya biriani haijawahi kumshibisha mtu," Mwalimu akajibu.

Wakavutana wiki nzima. Mwana ana hoja, baba ana hamu, na sisi majirani tunapita koridoni kwa ncha za vidole ili tusikie vizuri. Mwishowe sote tukamgeukia Bibi, maana tulijua akisema hapana, ni hapana. Na nani asingetegemea aseme hapana? Maisha yake yote amemsema vibaya bi mkubwa.

Bibi akamaliza kwanza kukunja nguo zake. "Atakwenda, na mimi nakwenda naye," akasema. "Nimekaa ukewenza na mtu nisiyemjua sura. Imetosha. Na chui wangu nataka nimwone kwa macho."

Tukafunga dau koridoni: atakayeshindwa atapika pilau ya ghorofa nzima.

Kiangazi kile mimi nilikuwa nimeshahamia Rexdale, upande mwingine wa jiji, karibu na kazi mpya. Niliagana nao kwa simu, nikawaombea dua, nikahesabu kwamba nitapata habari siku ile ile wakifika shambani. Sikupata. Waliporudi Toronto nikapiga simu. Bibi akasema, "Njoo, mwanangu." Nikaomba kuzungumza na Mwalimu, akaja kwenye simu, akasema, "Njoo tu." Watu wawili waliobishana miaka yote ile kwa sauti ya kusikika kwenye lifti, leo wamenyamaza.

Niliwakuta Ijumaa, bustanini nyuma ya majengo ya Thorncliffe, siku ya soko, akina mama wanauza sambusa na vitambaa. Wamekaa kwenye mkeka wao kando ya vibanda. Mwalimu alikuwa amepungua mwili, shati limemlegea shingoni. Nilimwamkia, nikakaa kwenye mkeka.

"Uliza," akaniambia.

"Mmemwona?"

"Kuta tuliziona. Misingi ile ile, mahali nilipowaonyesha. Vijana wazuri sana, walinipa kiti cha kukunja. Nguzo za matofali nimezishika, Mama Salma, zina masizi bado. Masizi ya jiko la mtu! Nikanusa vidole." Akavitazama vidole vyake. "Kisha tukafika chumbani. Sakafu hakuna."

Sikuelewa. Akanieleza. Baada ya ile likizo yake, walikuja wakulima wengine, wenye plau za kuzama chini sana, na mchanga waliouweka ulikuwa mwembamba. Plau zilipita mwaka hadi mwaka. Kilichobaki ni chokaa iliyovurugika na vijiwe vimetapakaa udongoni, vyekundu, vyeupe, vyeusi, kila kimoja peke yake. Katikati hapakuwa na mnyama. Na ile kona yake, ule mkia, nao haukuwapo.

"Vijana wakainamisha vichwa," akasema. "Wanaogopa hata kunitazama. Moyo uliniuma, sikufichi. Nilitaka nisimame nirudi nyumbani saa ile ile. Halafu nikasikia kilio nyuma yangu."

"Nililia," Bibi akasema.

"Alilia kama matangani! Amekaa ukingoni mwa shimo, mtandio umemwanguka, 'Bi mkubwa wangu, wamekufanya nini, bi mkubwa wangu!' Vijana wa watu wanamletea chai, wanamletea blanketi. Miaka yote hii anamsengenya, kumbe anampenda! Nikashikwa na kicheko. Yeye akanikasirikia, akaniambia sina haya, nacheka kwenye msiba wa mke wangu. Kisha akasikia alichokisema. Tukacheka wote wawili mpaka yule mwanamke wa chuo akadhani tumepatwa na jua."

Nami nilikuwa nacheka, na machozi yananitoka, sijui ni ya lipi. Nikajifuta, nikauliza la kuuliza tu, ili nipate pumzi. "Sasa pilau anapika nani?"

"Mimi," Bibi akadakia. "Nimeshindwa. Alikuwa pomboo."

Nikamtazama. Hakuwa anatania.

"Huyu mzee ndiye mtu pekee duniani aliyeuona ule mkia na bado yu hai," akasema. "Mimi nilikuwa wapi? Akisema pomboo, basi ni pomboo."

"Hapana," Mwalimu akasema. "Napika mimi. Nimekaa kwenye kile kiti nikafikiri vizuri. Mpindo ule ulianza mnene ukaenda unakonda. Ule ni wa chui."

"Pomboo, bwana!"

"Chui!"

"Usinifundishe pomboo, mimi nimekulia pwani!"

"Na mimi ndiye niliyeuona!"

"Ndiyo maana nakwambia ulichokiona!"

Akina mama wa vibandani wakageuka. Mtoto mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli akasimama kusikiliza. Bibi alikuwa ameshapiga goti moja, kidole hewani, na Mwalimu, aliyekuwa amepungua mwili, sauti yake ilijaa bustani nzima.

Hakuna aliyekubali kushinda. Jioni ile, katika jiko lao dogo, wakabandika pilau mbili, ya nyama moto wa kushoto na ya kuku moto wa kulia, mabega yamegusana, na ghorofa nzima ikaja na sahani. Kila nilipomaliza ya mmoja, mwingine alinijazia ya kwake, huku akiapa mbele ya majirani kwamba ameshindwa yeye.